Kazimoto Ana Falsafa, Maina Ana Kesi: Nafsi ya Kijana Mhalifu katika Riwaya

Wahakiki wetu wana mazoea fulani ambayo hayajaulizwa kwa muda mrefu. Mhusika akiwa msomi, akakata tamaa ya maisha na hatimaye akajiua, tunamwandikia tasnifu nzima. Tunamtafutia ndugu zake wa Ulaya, akina Camus na Sartre, tunajadili maana ya kuwapo, na darasa linatoka limechoka lakini limeridhika. Mhusika akiwa kijana wa mtaani, akakata tamaa vilevile, akaiba, akalewa, akapigana, akafungwa, tunamwandikia sentensi moja: "Mhusika huyu anawakilisha vijana waliopotoka kutokana na uozo wa jamii." Nukta. Tunafungua ukurasa mwingine, twende kwenye tamathali za semi.

Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo si uvivu wa kihakiki tu. Yamebeba upendeleo wa kitabaka, na upendeleo huo unatuzuia kuona kitu ambacho baadhi ya waandishi wamekionyesha waziwazi, yaani kwamba kijana anayefikishwa mahakamani ana nafsi, na mara nyingi nafsi hiyo ilikuwa imejeruhiwa kabla ya kosa lenyewe.

Chukua mfano wa Kazimoto katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, umweke kando ya Maina katika Kill Me Quick (1973) ya Mkenya Meja Mwangi. Riwaya hizi zilipishana kwa mwaka mmoja tu, moja kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Maina ana cheti cha sekondari na hana kazi. Wote wawili wamesoma kuliko wazazi wao, wote wamegundua kwamba elimu haikuwapa kile walichoahidiwa, na wote safari yao inaelekea kwenye kifo: Kazimoto anajiua kwa mkono wake, Maina tunamwacha akikabiliwa na kesi ya mauaji. Sasa jamani, muulize mwanafunzi yeyote wa fasihi akueleze wahusika hawa wawili. Kazimoto ana falsafa. Maina ana kesi.

Sehemu ya sababu ni fani, na ni haki kuisema. Kezilahabi amempa Kazimoto nafsi ya kwanza. Tunakaa kichwani mwake, tunasikia anavyobishana na Mungu, na nafsi yake mwenyewe, na kila anayekutana naye. Mwangi ametumia msimulizi wa nje, anayependa mazungumzo na kicheko kuliko tafakuri. Maina na rafiki yake Meja hawana muda wa kutafakari, wana njaa. Kwa hiyo msomaji wa Kill Me Quick anaachiwa kazi ya kuingia mwenyewe ndani ya vichwa vya vijana wale. Lawama ninayoitoa hapa ni kwamba kazi hiyo hatuifanyi. Tunaona mhusika hajieleza, tunahitimisha kwamba hana cha kueleza.

Lugha nayo imechangia. Tangu Tanzania Bara ilipotunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, maofisa wa ustawi wa jamii wanazungumza juu ya "mtoto aliyekinzana na sheria". Mimi naipenda kauli hiyo. Inakupa picha ya mtoto na sheria wamekutana kwenye njia nyembamba, kila mmoja amekataa kumpisha mwenzake. Njoo mtaani sasa: kibaka, mhuni, chokoraa, teja, mtukutu. Hapa hakuna njia wala kukutana. Uhuni ni yeye na yeye ni uhuni. Upande wa maradhi ya akili hali ni hiyo hiyo. Kwa muda mrefu maneno tuliyokuwa nayo mdomoni ni kichaa, wazimu na kuchanganyikiwa, yote ya mtu aokotaye makopo barabarani. Sonona na kiwewe tunayo, lakini yamebaki kuwa maneno ya wataalamu. Mvulana asiyelala usiku, anayeshtuka akiguswa bega, anayerusha ngumi kabla hajajua nani amemgusa, huyo kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni "mkorofi". Hata katika insha zetu za hapa chuoni, wapi tumemwita kitu kingine?

Wenzetu wa sayansi za jamii walishatangulia. Utafiti unaotajwa sana ni ule ulioongozwa na Linda Teplin katika mahabusi ya watoto ya Cook County, mjini Chicago. Kati ya mwaka 1995 na 1998 walihojiwa vijana 1,829 wa miaka 10 hadi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya wavulana na karibu robo tatu ya wasichana walikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili linalotambulika kitabibu. Watafiti waliendelea kuwafuatilia, na ilipofika mwaka 2005 waliripoti kwamba vijana hao walikuwa wakifa kwa kiwango kinachozidi mara nne kile cha vijana wenzao wa eneo hilo, wengi mno kwa kupigwa risasi.

Nazitaja takwimu hizi nikijua vizuri kwamba Chicago si Nairobi wala Dar es Salaam. Bunduki zao si zetu, na historia yao ya rangi si yetu. Kuzichukua tarakimu za kule na kuzibandika juu ya Maina ingekuwa uhakiki wa kuazima nguo. Ninachokichukua ni swali. Ikiwa mahali palipofanywa hesabu waligundua kwamba mahabusi ya watoto ilikuwa, kwa sehemu kubwa, chumba cha wagonjwa ambao hakuna aliyewaita wagonjwa, je, riwaya zetu zilishaliona jambo hilo kabla ya wahesabuji?

Nasema Mwangi aliliona. Watu wengi wanakumbuka kutoka Kill Me Quick jalala, vichochoro, na jina lenyewe, ambalo ni jina la mitaani la chang'aa. Mimi nadhani moyo wa riwaya uko mahali pengine. Meja, baada ya kugongwa na gari na kulala hospitali, anaamua kurudi kijijini. Anafika karibu kabisa na nyumbani. Anakutana na dada yake mdogo, na mtoto yule kwa furaha anataka kujua kaka amemletea nini kutoka mjini. Meja hajaleta kitu. Hana hata sura ile aliyoondoka nayo. Basi anageuka anarudi Nairobi bila kuwaona wazazi.

Wahakiki wa mkabala wa kijamii wanaipita sehemu hii mbiombio, maana haina tajiri wala polisi wala nyapara. Ni mtoto tu anauliza zawadi. Lakini hapo ndipo mlango unapofungwa. Kabla ya hapo Meja alikuwa na njaa na alikuwa na kwao. Baada ya hapo ana njaa peke yake. Na kitu kilichoufunga mlango ule ni aibu. Wazazi walijinyima wakamsomesha. Kila senti ya karo imegeuka kuwa shahidi dhidi yake. Aibu ya namna hii haielezeki kwa neno "umaskini". Wako maskini wengi wanaorudi nyumbani mikono mitupu wakapokewa. Aibu hii inamfundisha kijana kwamba hastahili kuonekana, na mtu anayeamini hastahili kuonekana haoni sababu ya kuulinda mwili wake. Atakunywa chochote, atamfuata yeyote. Maina anapojiunga na genge la Razor katika vibanda, anapata chakula, ndiyo, lakini anapata pia watu ambao mbele yao haoni aibu. Ukisoma tabia hatarishi za vijana wale kama orodha ya makosa hutaelewa kwa nini wanazirudia. Zisome kama njia ya kukaa mbali na macho ya dada yule mdogo, kila kitu kinapangika.

Na gereza? Selo namba 9 katika riwaya hii imejaa watu wanaotoka na kurudi, wanatoka na kurudi. Msomaji anacheka, kwa sababu Mwangi ni bingwa wa kicheko kichungu. Lakini hebu tujiulize kicheko hicho kinafunika nini. Selo inatoa chakula, blanketi, na majina yanayofahamika. Hakuna anayeuliza umeniletea nini.

Hapa najua ndugu zangu wa mrengo wa kushoto watainua mikono. Katika semina yetu mmoja wao alisema kwamba kuanza kuzungumza habari za nafsi ni kumwondolea lawama beberu na kumtwisha maskini: eti kijana hana kazi kwa sababu ya uchumi, halafu sisi tunampeleka kwa daktari wa akili. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza. Iko historia ya kutisha ya kumwita mgonjwa kila anayegoma. Wakati wa Hali ya Hatari huko Kenya, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha kambi ya vijana ya Wamumu kwa ajili ya wavulana walioshikwa kwa kuhusishwa na Mau Mau. Lengo lilikuwa kuwabadilisha, kuwafunza kazi za mikono na utiifu. Mtoto aliyedai ardhi ya baba yake alihesabiwa kuwa ana kasoro ya tabia inayohitaji kurekebishwa. Wamumu mpaka leo ni shule ya urekebishaji ya serikali. Kwa hiyo ndiyo, tuwe macho.

Lakini ndugu, mbona hatumwambii hivyo Kazimoto? Mbona yeye tunamruhusu awe mtu aliyekandamizwa na historia na wakati huohuo mtu anayeumwa rohoni? Ukimpa msomi vyote viwili na maskini ukampa kimoja, wewe ndiye uliyemdhulumu maskini. Uchumi unaeleza kwa nini Maina hana kazi. Hauelezi kwa nini Meja aligeuka njiani.

Sasa nije kwa Rosa. Rosa Mistika (1971), pia ya Kezilahabi, si riwaya ya mahakama. Rosa hafikishwi mbele ya hakimu yeyote. Naileta hapa kwa sababu ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyoonyesha mapema na kwa ujasiri jinsi kipigo kinavyogeuka kuwa mwenendo. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake vibaya sana kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Akishafika mbali na mkono wa baba, woga ule unajipindua, na anajitupa kwao bila kujali mimba, jina, wala uhai wake. Mwishoni anajiua. Tumeandika sana juu ya "malezi mabaya" katika riwaya hii. Neno malezi limekuwa kama kanga, linafunika kila kitu. Ondoa kanga, chini yake utakuta msichana aliyepigwa na mtu aliyepaswa kumlinda, kisha hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza habari ya kipigo kile. Walimuuliza habari ya wanaume tu. Wakubwa nao waliipiga marufuku riwaya hiyo mashuleni kwa muda, wakidhani wanawalinda wasichana. Ndiyo kusema hata kitabu kilikinzana na sheria!

Na isidhaniwe kwamba kumtaja Rosa pamoja na wafungwa ni kuchupa mipaka. Angekuwa msichana wa Kenya, na watu wazima wangetaka, angeweza kupelekwa mahakamani bila kuiba hata sindano. Sheria ya zamani ya Watoto na Vijana ya Kenya, iliyotumika hadi ilipotungwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliwaweka katika fungu moja watoto wanaohitaji ulinzi na wale wanaohitaji nidhamu, na wote waliweza kuishia katika shule zilezile za kurekebisha tabia. Kwa wasichana zilikuwapo Kirigiti na Dagoretti. Fikiria maana yake. Aliyepigwa na aliyepiga wanavuka lango moja. Riwaya ya Kezilahabi inatusaidia kuelewa kwa nini kuwachanganya vile kulikuwa rahisi: kwa macho ya mpita njia, msichana aliyejeruhiwa na msichana "aliyeharibika" wanafanana kabisa. Ile takwimu ya Chicago kwamba wasichana walikuwa na matatizo ya akili kuwazidi wavulana haiwezi kumshangaza mtu aliyemsoma Rosa.

Kazi ninayoiona imelichimba suala hili kwa kina kuliko zote si ya kwetu. Ni hadithi ya Mwingereza Alan Sillitoe, The Loneliness of the Long-Distance Runner, ya mwaka 1959. Kuileta hapa si kasumba. Kijana Smith, mwenye miaka 17, amefungwa katika Borstal, na Borstal ni neno ambalo Waingereza walilileta kwetu pamoja na mengine. Ni jina la kijiji cha Kent ambako mwanzoni mwa karne ya 20 ulianza utaratibu wa kuwafungia vijana mbali na wafungwa wakubwa. Uingereza wenyewe waliufuta mwaka 1982. Kenya jina limebaki katika sheria na kwenye vibao vya barabarani: Shikusa huko Kakamega, Shimo la Tewa huko Mombasa. Kijiji kile cha Kent kimesahauliwa na wenyewe. Watoto wa Kakamega wanakijua vizuri sana.

Kisa cha Smith ni kifupi. Ameiba sanduku la fedha katika duka la mikate, amekamatwa, amefungwa. Mkuu wa Borstal amegundua kwamba kijana huyu ana mbio, basi anamruhusu atoke alfajiri peke yake kufanya mazoezi, maana kuna kombe analitaka. Siku ya mashindano Smith anaongoza. Anafika karibu na utepe, anasimama, anamwacha mkimbiaji mwingine apite. Kwa makusudi. Adhabu yake ni kazi za sulubu kwa muda uliobaki.

Kila anayeisoma hadithi hii anabishana juu ya pale aliposimama. Wengi wanasema ni upinzani wa kitabaka: Smith amekataa kuwa farasi wa mbio wa mkuu. Mwenzetu mmoja alisema hapana, ni tabia ileile ya kijana mhalifu, kujiharibia kwa mkono wake mwenyewe pale bahati inapomjia. Mimi naona mabishano haya yanaanzia mahali pasipofaa. Tuanze na baba.

Baba yake Smith alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, amekufa kwa saratani ya koo. Alikataa kwenda hospitali, aliwafukuza madaktari, akafia nyumbani. Smith ndiye aliyemkuta, kwenye damu. Kiwanda kilitoa pauni mia tano. Mama na watoto wakazitumia: televisheni, nguo, vyakula, na mama akapata bwana. Pesa zikaisha. Baada ya hapo Smith na rafiki yake wakaliendea duka la mikate.

Utaratibu huu wa matukio tunaujua sisi wasomaji. Smith mwenyewe hausemi. Anasimulia wizi kama utani, anazisimulia zile pauni kama sikukuu, na kifo cha baba anakigusa juujuu na kukiacha. Hakuna mahali popote anaposema "niliiba kwa sababu baba alikufa". Laiti angesema, hadithi ingekufa papo hapo, ingekuwa ripoti ya ofisa wa ustawi wa jamii. Sillitoe ameiacha habari ile ya damu ije yenyewe, na inakuja lini? Inakuja wakati wa mashindano, Smith akiwa mbele, pumzi zimebana, utepe hauko mbali. Mwili umechoka kiasi cha kutoweza tena kushikilia mlango, na kilichokuwa nyuma ya mlango kinatoka.

Ndiyo maana nasema wanaobishana kama ni upinzani au ni kujiharibia wamechelewa kuingia ukumbini. Kijana aliyemwona baba yake akikataa kufa mikononi mwa wakubwa, akachagua kufia kwake kwa namna yake, sasa na yeye ametakiwa aikabidhi nguvu ya miguu yake kwa mkubwa mwingine. Kusimama kwake ni msiba. Ni mara ya kwanza anamlilia baba. Ni upinzani pia, na ni kujiumiza pia, na anayetaka kuvitenganisha vitu hivyo vitatu aniletee kisu chake nikione.

Kuna sehemu nyingine ambayo kwa kawaida tunaichekea tu. Smith amezificha noti kwenye bomba la maji ya mvua nje ya nyumba. Polisi anakuja mara baada ya mara, anahoji, Smith anajibu kwa jeuri, hamna kitu. Halafu siku moja, polisi amesimama palepale mlangoni, mvua inanyesha, na noti zinaanza kutoka chini ya bomba moja moja, miguuni pake. Ni kichekesho kweli, hata mimi nilicheka. Lakini tazama ufundi wake. Kinywa cha Smith kimeshinda mahojiano yote. Kilichomsaliti ni bomba. Kilichofichwa kikijaa hutafuta njia ya kutokea, na kinatoka siku ya mvua, mbele ya mtu asiyetakiwa kukiona. Ukiwa umeelewa bomba, umeelewa na mbio.

Narudi kwa swali la semina, maana lina sura nyingine. Tukishakubali kwamba vijana hawa wanaumwa, je, tuwe madaktari wao? Nimesoma kazi za wanafunzi, za hapa na za kwingine, zinazompa Kazimoto ugonjwa huu na Rosa ugonjwa ule, kama vile mwandishi alikuwa akijaza fomu ya kliniki. Siuungi mkono mtindo huo. Kumpa Smith jina la ugonjwa ni kumpa mkuu wa Borstal koti jeupe. Katika hadithi nzima mkuu anataka jambo moja, kijana awe mkweli kwake, na Smith anajibu kwamba ukweli wa mkuu na ukweli wake ni vitu viwili tofauti. Daktari anayetaka jina la ugonjwa ili afunge faili atajibiwa vilevile. Uhakiki una kazi nyingine, nayo ni kukaa na mhusika pale anaponyamaza na kuuliza kwa nini amenyamaza hapa na si pale.

Kwa kipimo hicho, kitabu kinachonipa shida ni My Life in Crime cha John Kiriamiti. Hiki kinasomwa kuliko vyote nilivyovitaja. Katika mabweni ya Kenya nakala moja ilizunguka mpaka jalada likaisha. Kiriamiti, mtoto wa walimu, aliacha sekondari akiwa na miaka 15, akaanza kwa kuchomoa watu mifukoni, akafika kwenye mabenki. Alifungwa mwaka 1971, akaandika akiwa gerezani, na kitabu kikatoka mwaka 1984, mwaka uleule alioachiliwa. Tuna bahati hapa: mhalifu mwenyewe ameshika kalamu, nafsi ya kwanza imerudi, hakuna msimulizi wa nje wa kumlaumu. Na bado nafsi ile imejificha. Mbinu za wizi anazieleza kwa raha na kwa urefu. Woga anaupitia kwa sentensi moja moja. Yule mvulana wa miaka 15 aliyetoka shuleni akaingia Nairobi peke yake, tunampoteza mapema mno, anatokea Jack Zollo, shujaa wa vituko.

Wako wanaosema huo ni udhaifu wa kifani, kitabu ni cha burudani tu, kisihakikiwe. Sikubaliani nao. Kwa kijana aliyefungwa, vituko ndiyo nguo ya kuvaa mbele za watu. Angeandika kwamba alikuwa akilia usiku nani ndani ya gereza angemheshimu? Kiriamiti mwenyewe nadhani aliligundua pengo hilo, kwa sababu mwaka 1989 alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story, kisa kilekile kikisimuliwa na Milly, msichana aliyempenda mtu asiyeijua kazi yake. Ilibidi aazime mdomo wa mwanamke ili aweze kuonyesha uchungu. Kama ningekuwa natunga silabasi, vitabu hivi viwili vingesomwa wiki moja, sura kwa sura, na swali la mtihani lingekuwa: ni mambo gani Milly anaruhusiwa kuyasikia moyoni ambayo Jack hakuruhusiwa?

Neno moja juu ya umri, kwa sababu linahusu vitabu hivi zaidi ya tunavyodhani. Mpaka mwaka 2022 sheria ya Kenya ilimhesabu mtoto wa miaka minane kuwa anaweza kubeba jinai. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka huo ikaupandisha umri hadi 12. Minane! Umri huo mtoto hajamaliza kung'oka meno. Wabunge walibadilisha tarakimu, na walifanya vyema, lakini swali la msingi, yaani ni lini mtu mdogo anaanza kujua anachofanya na kwa nini anakifanya, halijibiki kwa tarakimu. Smith ana 17 na hajui kwa nini aliliendea duka la mikate. Au anajua, ila hana maneno. Kati ya kutojua na kukosa maneno kuna umbali mkubwa, na fasihi ya Kiswahili, yenye Kazimoto mwenye maneno tele, bado inamdai mwandishi atakayewasimulia vijana wa mahabusi ya watoto kwa mdomo wao wenyewe. Riwaya ya Kiswahili ya namna hiyo, inayosimuliwa mwanzo hadi mwisho na kijana aliye ndani, mimi sijaisoma bado. Anayeijua aniletee.

Nilisema Smith hana maneno, lakini hadithi nzima ni maneno yake. Katika kurasa za mwisho anatuambia kwamba alishatoka Borstal, amerudia kazi yake ya wizi, na kwamba maandishi haya anampa rafiki ayatunze. Akikamatwa tena, rafiki atafute wa kuyachapa kitabu. Asipokamatwa, yasitoke. Sasa kitabu ninacho hapa mezani, kimechapwa.